Sahihi, sawa, kweli, haki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojifunza Kiswahili Uganda

Maswali haya nimeyaokota darasani, jioni baada ya jioni, kwa wauza nguo wa Kampala, walimu wa shule, madereva wanaovuka mipaka ya Malaba na Mutukula, na vijana wa sekondari wanaoogopa mtihani. Yameongezeka tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima. Mengi yanazunguka jambo moja: mtu akisema jambo lisilo na kosa, tumwambieje? Nimeyapa namba ili nisirudie jibu lilelile mara tano.

## Ya mwanzo

1. Neno la Kiswahili la "kituufu" ni lipi?

Hakuna neno moja. Luganda inabebesha *-tuufu* mizigo mingi: jibu la hesabu, habari iliyothibitika, mtu aliyenena vyema, dawa yenyewe na si ya bandia. Kiswahili kimeugawa mzigo huo. Jibu la hesabu ni sahihi. Habari uliyoisikia ikathibitika ni ya kweli. Kiti kisichoyumba na mchuzi uliokolea chumvi viko sawa. Aliyedhulumiwa akidai chake ana haki. Kazi iliyofanywa kama inavyotakiwa imefanywa barabara.

Kama unasafiri kesho na una nafasi ya neno moja tu mfukoni, chukua *sawa*. Litakuvusha sokoni, kwenye teksi na mpakani. Lakini usilipeleke mtihanini peke yake.

2. "Sahihi" maana yake hasa ni nini?

Kitu kisicho na kosa, kilichopimwa kwa kanuni au kwa ushahidi kikaonekana hakina kasoro: jibu sahihi, tarehe sahihi, anwani sahihi, tafsiri sahihi.

Neno limetoka Kiarabu, na huko lina maana nyingine ambayo sisi hatukuichukua: mwenye afya, asiye na ugonjwa. Waliosoma dini wataiona mara moja. Hadithi ya Mtume iliyopokewa kwa mlolongo wa wapokezi wanaoaminika huitwa hadithi sahihi, na ile yenye walakini huitwa hadithi dhaifu, kama vile tunazungumzia mgonjwa na mzima. Kiswahili kilichukua usahihi wa maneno, afya ya mwili kikaiachia *-zima*. Msikilize Mganda anaposhtuka na kuuliza "Mazima?", yaani kweli? Neno lake la ukweli linafanana kwa sauti na uzima wetu. Wanafunzi wangu wakishalisikia hilo hawasahau tena.

3. Na "sawa"?

Asili yake ni kulingana, kuwa kimo kimoja. Ndiyo maana tunasema Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya *usawa* wa bahari, mbili na tatu ni *sawa na* tano, na timu iliyokuwa nyuma kwa bao moja *imesawazisha*. Kutoka hapo neno likapanda daraja: mambo yakilingana hakuna ugomvi, na pasipo ugomvi tunaitikia "Sawa." Kwa hiyo *sawa* la kuitikia linasema "nimekubali" au "nimesikia". Halisemi kwamba ulichosema hakina kosa. Muuzaji akikwambia "Sawa, ndugu yangu" baada ya kumtajia bei yako, amekusikia. Usifungue mkoba bado.

4. Kuna tofauti gani kati ya "kweli" na "sahihi"?

*Kweli* hulinganisha maneno na mambo yalivyo. *Sahihi* hulinganisha maneno na kanuni, kipimo au orodha ya majibu.

"Mtoto yangu anaumwa." Kama mtoto anaumwa, umesema kweli, ila sentensi si sahihi, ilipaswa kuwa *mtoto wangu*. "Ninakwenda kanisani." Sentensi ni sahihi kabisa, hata kama miguu yako inaelekea baa. Mambo hayo mawili husafiri pamoja mara nyingi, lakini hayakufungwa kamba.

Ndiyo sababu katika mazoezi ya kusoma maelekezo huandikwa "Kweli au si kweli", na katika maswali ya kuchagua huandikwa "Chagua jibu sahihi". La kwanza linakuuliza kama habari imo katika kifungu. La pili linakuuliza herufi ipi ina jibu.

## Kumwambia mtu kwamba hakukosea

5. "Uko sahihi" ni Kiswahili kizuri?

Kinatumika, kinaeleweka Kampala mpaka Dar es Salaam, na sitamkata mtu alama kwa ajili yake. Lakini nina maoni yangu, na ninayasema kila muhula.

Kiswahili cha wazee hupima neno na kumwacha mtu akae kando. Mtu amenena, nawe unalishika lile alilonena: *Umesema kweli. Ni kweli usemayo. Ndivyo ilivyo. Hayo ndiyo maneno.* Kwa "uko sahihi" unamwondoa msemaji kwenye maneno yake na kumbandika sifa mwenyewe, kana kwamba ni jumla ya hesabu. Luganda ina njia zote mbili, *oli mutuufu* (wewe uko sahihi) na *ky'ogambye kituufu* (ulichosema ni sahihi), na ukitaka kukisikia Kiswahili kwa sikio la Luganda, shika hiyo ya pili.

Kuhusu umbo lake: *uko*, *upo* na *umo* kwa asili huonyesha mahali. Walimu wakali watataka "U sahihi", na kisarufi hawana kosa, ingawa sijamsikia mtu akilisema hilo kwenye foleni ya maji. Darasani andika "Umesema kweli" nawe utakuwa umeukwepa ugomvi wote.

6. Naweza kumwambia mkubwa wangu "uko sahihi"?

Unaweza, lakini utasikika kama unamsahihishia mtihani. Mzee hahitaji tiki yako. Mwambie "Ni kweli, mzee" au "Naam, ndivyo, mama". Kwa askari na wanajeshi, ambao ndio walimu wa kwanza wa Kiswahili kwa Waganda wengi, jibu ni "Ndiyo, afande", wala afande hakukuuliza kama anachosema ni sahihi.

Kwa rika lako kuna uhuru zaidi: "Hapo umenena!", "Kabisa!", "Haswa!"

7. Rafiki yangu wa Nairobi aliniuliza "Uko sawa?" Alitaka kujua kama nimesema kweli?

La. Alitaka kujua kama u mzima, huna shida. Jibu ni "Niko sawa" au "Nipo salama". Neno hilohilo katika mabishano linaweza kuwa na maana ya kwamba hukukosea: "Hapo uko sawa." Kinachotofautisha ni *hapo*, pamoja na sauti. Bila ubishi wowote uliotangulia, "uko sawa" ni hali yako, si hoja yako.

8. Je, "una haki" si sawa na "hukukosea"?

Hapana, na hapa watu huteleza sana. *Una haki* ni kwamba kuna kitu unachostahili: una haki ya kupiga kura, una haki ya kulipwa mshahara wako. Ukisema "Ana haki ya kukasirika" unasema hasira yake ina sababu inayokubalika. Bado inawezekana amekosea katika yale aliyoyatamka kwa hasira hiyo. Zaidi juu ya haki, tazama swali la 13.

## Sarufi na matamshi

9. Nimesema "kitabu kisahihi", mwalimu akacheka. Kwa nini?

Kwa sababu Luganda yako ilikutangulia mlangoni. *-Tuufu* huvaa kiambishi cha nomino yake: *omuntu mutuufu, ekigambo kituufu, ebigambo bituufu*. *Sahihi* haivai chochote. Mtu sahihi, watu sahihi, jibu sahihi, majibu sahihi, kitabu sahihi, vitabu sahihi. Vivumishi vingi vilivyotoka Kiarabu viko hivyo: *safi, rahisi, hodari, ghali*. *Sawa* pia haibadiliki.

Ukitaka kueleza namna jambo lilivyofanyika, usiseme "amejibu kisahihi". Sema *amejibu kwa usahihi*, *amejibu vizuri*, au *amejibu ipasavyo*.

Kukanusha: *Jibu si sahihi*. "Jibu halisahihi" ni kosa, kwa kuwa sahihi si kitenzi.

10. "Kusahihisha" ni kupiga tiki au ni kuondoa makosa?

Vyote viwili. Mwalimu anayesahihisha mitihani anaipitia na kutoa alama, hata kama mwanafunzi amepata zote na hakuna cha kuondoa. Mhariri anayesahihisha mswada anaondoa makosa. Kwa sababu hiyo "Nisahihishie barua yangu" ni ombi lenye utata kidogo: mwenzako anaweza kukurudishia barua iliyojaa wino mwekundu bila kukuandikia upya. Ukitaka aitengeneze, sema *irekebishe*.

*Kukosoa* ni jambo jingine, ni kuonyesha kasoro. Mtu anaweza kukukosoa siku nzima asikusahihishe hata neno moja. Sote tuna jamaa wa namna hiyo.

11. Naisikia "saihi", "saiyi", "swahihi". Ipi ni ipi?

Tahajia ni sahihi, yenye *h* mbili zinazotamkwa. Maneno ya asili ya Luganda karibu hayana sauti hiyo, hivyo Mganda huimeza. Wanyoro na Wanyankore wanayo kwao, na darasani hupita hapa bila jasho.

"Swahihi" ni jambo jingine kabisa. Watu waliosoma Kiarabu hujaribu kuitoa ile *s* nzito ya asili, na wengine huiandika kwa *sw*. Katika Kiswahili sanifu haiandikwi hivyo.

12. Maneno gani ya nyumbani yananidanganya hapa?

Mawili zaidi ya mengine.

*Kale.* Mganda akikubali jambo husema "Kale", yaani sawa, haya basi. Katika Kiswahili *kale* ni zamani sana. Mteja wa Mombasa aliyetaja bei akajibiwa "Kale!" atajiuliza kama bei hiyo ilikuwa ya enzi za babu yake.

*Ada.* Kwa Waacholi *ada* ni kweli. Kwa Kiswahili ni malipo, kama ada ya shule, au desturi. Mzazi wa Gulu akiitikia "Ada, ada!" kwenye mkutano wa shule, mhasibu anaweza kufungua daftari.

## Haki na jamaa zake

13. Sahihi, halali, haki: mbona yote yanatafsirika kwa neno moja?

Chukua mwenye nyumba aliyepandisha kodi. Hesabu ya risiti yake haina kosa: ni *sahihi*. Mkataba mliotia saini unamruhusu: ni *halali*. Lakini amepandisha mara mbili katika mwezi ambao umefiwa, na majirani wananong'ona: *si haki*, au kwa sauti ya chini zaidi, *si sawa*. Amefuata kila mstari na bado watu wanatikisa kichwa.

*Sahihi* hushitakiwa mbele ya kanuni na kipimo. *Halali* hushitakiwa mbele ya sheria, ya nchi au ya dini. *Haki* hushitakiwa mbele ya dhamiri na mbele ya watu. Methali inasema "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni". Huwezi kuweka *sahihi* hapo, itavunjika meno.

Na "si sawa" ya mnong'ono ule inarudi kwenye asili ya neno (swali la 3): mizani imelalia upande mmoja.

14. Kwa hiyo "hakimu" ni mtu wa haki?

Tunaomba awe, lakini maneno si ndugu. *Haki, hakika, uhakika* na *hakikisha* yametoka shina moja la Kiarabu, lenye maana ya ukweli na stahili. *Hakimu, hukumu, mahakama* na *hekima* yametoka shina jingine, la kuamua na kutawala kwa busara. Kiarabu huzitofautisha *k* zake mbili. Kiswahili kimezichanganya, ndipo masikio yetu yakadhani ni familia moja. Waliowahi kungoja kesi miaka mitatu hawakushangaa nilipowaambia.

15. Wakenya hushangaa kwa kusema "Haki!" Wanadai nini?

Hawadai kitu. Ni kiapo kilichofupishwa, mabaki ya "haki ya Mungu". "Haki nimechoka" ni "kwa kweli nimechoka". "Haki nisaidie" ni kubembeleza. Liwache kwenye mazungumzo. Katika insha litakuponza.

## Ya pembezoni

16. Naweza kusema "sahihi zaidi"?

Wenye kupenda mantiki husema jambo ama ni sahihi ama si sahihi, halina zaidi. Mitihani haikubaliani nao: huuliza "jibu lililo sahihi zaidi" pale majibu mawili yanapokaribiana. Vipimo navyo vina ngazi. Saa inayochelewa dakika moja ni sahihi zaidi kuliko inayochelewa saa nzima. Lakini usiseme "kweli zaidi". Hapo nasimama na wenye mantiki.

17. "Barabara" si njia ya magari?

Ni njia, na pia ni "sawasawa, kama inavyotakiwa". Tofauti iko kwenye mkazo. Njia hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno karibu yote ya Kiswahili: baraBAra. Lile jingine huruka mbele: baRAbara. "Fundi ametengeneza pikipiki barabara" haimaanishi aliitengenezea njiani, ingawa boda nyingi hutengenezwa hukohuko.

18. "Wakati sahihi", "mtu sahihi": mbona naviona kila mahali siku hizi?

Vimeenea redioni na kwenye ushauri wa ndoa. Kwa wakati, Kiswahili kina neno lake zuri: *wakati mwafaka*, au *wakati wake*. Kwa mchumba, sema *anayekufaa*. "Natafuta mtu sahihi" kwangu husikika kama mtu aliyepiga namba ya simu isiyo yake. "Namba sahihi" yenyewe haina tatizo.

19. Kiingereza huita mkono wa kulia "right", na jibu sahihi pia "right". Kwa nini katika Kiswahili mkono wa kulia hauhusiani na kuwa sahihi?

Kwa sababu Kiswahili kiliuita kwa kazi yake: mkono wa kulia chakula. Wengine husema *wa kuume*. Adabu ya kupokea kwa mkono huo ipo, lakini neno halimwambii mtu kwamba ana hoja. Wala halihusiani na machozi.

20. Kiswahili kilicho sahihi ni cha nani? Waganda tuna sauti?

Tenganisha kwanza *sahihi* na *sanifu*. Sanifu ni lugha iliyokubaliwa kwa maandishi na shule, na msingi wake ni Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar. Mtu wa Lamu au Mombasa anayeongea lahaja yake hasemi sanifu, lakini hakosei hata kidogo. Ni fasaha kuliko wewe na mimi.

Kuhusu sauti yetu: kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilikuwa ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Zanzibar na Uganda. Katika miaka ya 1950 makao yake yalikuwa Makerere, ndiyo, hapa juu ya kilima chetu. Kisha mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ikakitangaza kuwa lugha ya taifa, na wengi wakabaki wakikihusisha na buti na vizuizi vya barabarani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2023 maadhimisho ya Afrika Mashariki ya Siku ya Kiswahili Duniani yakafanyika Kampala.

Kwa hiyo mtu akikuambia Kiswahili cha Mganda hakiwezi kuwa sahihi, muulize ni sentensi ipi. Kama ni "kitabu kisahihi", amesema kweli. Rudi swali la 9.

21. Kwenye fomu nimeona mstari umeandikwa "Sahihi: ........". Nijibu nini?

Usijibu. Hapo *sahihi* ni nomino, ni ile alama au jina uliandikalo kwa mkono wako kuthibitisha kwamba maelezo ni yako. Wengi sasa huiita *saini*. Husemwa *tia sahihi*, *weka sahihi*, *sahihi yangu, sahihi zao*. Kuunganika kwa maana hizo mbili kunaeleweka: ukishatia sahihi, umesema yaliyo juu yake ni sahihi.

Mwanafunzi wangu mmoja, mfanyabiashara wa vitambaa, alijaza fomu ya forodha mpakani kwa uangalifu mkubwa, akasoma tena kila mstari, akafika chini penye "Sahihi", akaandika: *Ndiyo, zote.*